Seva ya Duka la Mpakani: Tazama Njia ya Pesa Kabla ya Bei

Mtu aliyesimama Sofia, upande wa Uganda, akifungua kwa simu tovuti iliyomo ndani ya kompyuta ya duka la Marachi, upande wa Kenya, ombi lake halivuki geti la Busia analoliona kwa macho. Mitambo mikuu ya kampuni za simu imekaa kwenye miji mikuu. Kwa kawaida ombi huenda kwanza Kampala, kilomita 200 hivi kuelekea magharibi, halafu hugeuka na kurudi mashariki kwa mkongo unaovuka mpaka, likafika Nairobi, na kutoka hapo likasafiri tena zaidi ya kilomita 400 hadi Busia. Safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, kufikia duka ambalo mwenye baiskeli angelifikia kabla chai haijapoa.

Na hiyo ndiyo hali iliyoboreka. Nairobi ilipofungua kituo chake cha kubadilishana data, KIXP, mwezi Novemba 2000, Telkom Kenya ililalamika na kituo kikafungwa muda mfupi baadaye. Kilirudi kazini mwaka 2002. Bila kituo kama hicho, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda kwa jirani yake iliweza kupanda setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Kampala ilipata kituo chake, UIXP, mwaka 2001. Mikongo ya baharini, TEAMS na SEACOM, ilifika Mombasa mwaka 2009, na Uganda, isiyo na bahari, ikaanza kunywa intaneti yake kupitia barabara zile zile zinazopitisha malori ya Busia na Malaba.

Naanza na njia kwa makusudi. Wenye maduka wa Busia na Tororo wanaoniuliza kuhusu VPS, yaani seva ya kukodi, huanza na mambo mawili: bei kwa mwezi na ukubwa wa RAM, kumbukumbu ya seva. Hayo yana nafasi yake, lakini duka lililokaa mpakani lina wateja wa nchi mbili, sarafu mbili na mitandao ya pesa miwili au mitatu. Swali la kwanza liwe: mteja akishalipa, habari ya malipo yake inapita wapi hadi kufika dukani, na nini kinaweza kuikata njiani?

Kabla ya hapo, niseme wazi kwamba wengi wenu hamhitaji VPS. Anayeuza viatu vya mitumba kwa picha za WhatsApp, akapokea pesa kwenye till na kumpa mwendesha boda mzigo, hana kazi ya kumpa seva. Aliye upande wa Uganda ana sababu zaidi ya kutaka duka lake mwenyewe, kwa kuwa Facebook ilifungwa huko Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, na ukurasa uliojengwa kwa miaka ukawa haufikiki bila VPN. Lakini hata yeye, akitaka tu orodha ya bidhaa na namba ya simu, huduma ya pamoja ya bei nafuu, ambapo tovuti nyingi hukaa kwenye seva moja, inatosha. VPS ni chumba cha kupanga chenye mlango na mita yake: hakuna wa kukuzuia kuchomeka unachotaka, na hakuna wa kukufagilia. Wakati wa kuhamia humo ni pale malipo yanapoanza kupokelewa na programu badala ya mtu.

Hapo ndipo penye uzito, na matangazo ya wauza seva hayapagusi. Tuchukue M-Pesa. Mteja akibonyeza kitufe cha kulipa, duka hutuma ombi Safaricom kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa kupokea maombi ya programu. Safaricom hujibu papo hapo, lakini jibu hilo linasema ombi limepokelewa tu. Halisemi pesa imelipwa. Mteja huona kidirisha kwenye simu, huweka PIN, na matokeo ya kweli huja baadaye yakiwa ujumbe wa pili unaotumwa kwenye anwani ya tovuti yako uliyoitaja ndani ya ombi. Anwani hiyo lazima ifikike kutoka nje na iwe na cheti cha usalama. MTN MoMo hufanya kazi kwa namna inayofanana: ombi hupewa namba yake ya rejea, huitikiwa kwamba linashughulikiwa, kisha taarifa ya matokeo hutumwa kwako. Hutumwa mara moja. Maelekezo ya MTN yenyewe yanasema haitarudiwa kama mtambo wako haukujibu.

Sasa fikiria seva imezimia kwa sekunde ishirini tu, Jumamosi jioni. Mteja wa Tororo amekatwa pesa na ana ujumbe wa kuthibitisha, huku duka likimwonyesha kwamba hajalipa. Atapiga simu mara mbili. Usipopokea, kufikia usiku kundi zima la WhatsApp la mtaa wake litakuwa limeambiwa kwamba ninyi ni matapeli. Hakuna punguzo la dola tatu kwa mwezi litakalofidia hilo.

Dawa yake inajulikana. Kila baada ya dakika chache, programu ndogo ndani ya seva ipitie oda zote zinazosubiri, iwaulize Safaricom na MTN hali ya kila moja kwa namba yake ya rejea, na kufunga zile zilizolipwa. Kazi hiyo inahitaji saa ya kweli inayopiga ndani ya seva, na hii ni sababu moja nzuri ya kuwa na VPS. Maduka mengi madogo hujengwa kwa WooCommerce juu ya WordPress, na ratiba ya ndani ya WordPress huamka pale tu mtu anapotembelea tovuti. Usiku ukiwa kimya, nayo hulala. Kwenye VPS unaizima na kuiweka kazi mikononi mwa Linux yenyewe, mfumo unaoendesha seva, ambao hausubiri mgeni.

Kuna mawili madogo yanayosumbua hesabu. Seva nyingi huja na saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo mauzo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku huandikwa tarehe ya jana na taarifa ya M-Pesa haiwiani na kitabu. Badilisha saa siku ya kwanza. La pili ni sarafu. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikizunguka kwenye shilingi 28 hivi za Uganda, na programu za kubadilisha bei zenyewe hufuata viwango vya kimataifa ambavyo wabadilishaji pesa wa mpakani hawavitambui. Mimi ningeweka kiwango kwa mkono kila asubuhi, kama wanavyofanya wao, na bei ya Uganda ningeizungusha bila senti. (Kijana anayekujengea duka asishtuke pia akikuta uwanja wa majaribio wa MoMo unahesabu kwa yuro. Ndivyo ulivyo.)

Tuingie kwenye RAM, kwa kuwa hapa kuna hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwenye karatasi. Linux na programu ya kuhudumia tovuti huchukua megabaiti 200 hadi 300. Hifadhidata ya duka la kawaida huchukua 300 au 400. Kila mteja anayehudumiwa wakati mmoja, akiwa kwenye kikapu au akilipa, hushikilia kipande cha PHP, programu inayoandaa kurasa, cha megabaiti 60 hadi 100. Wateja watano kwa mpigo, na gigabaiti moja inaweza kuwa imeshapitwa. Linux ikiishiwa kumbukumbu haiombi ruhusa. Huchagua programu moja na kuiua, na mara nyingi huangukia ile iliyonenepa zaidi, yaani hifadhidata. Wateja wote huona maneno kwamba duka limeshindwa kuunganishwa na hifadhidata yake. Na haitatokea Jumanne ya Februari wakati hakuna mtu. Itatokea wiki ya kufungua shule, au siku mbili kabla ya Krismasi.

Kwa hiyo gigabaiti mbili ndicho kiwango cha chini, pamoja na gigabaiti moja au mbili za diski zilizotengwa kusaidia kumbukumbu ikizidiwa. Prosesa moja inatosha kuanzia. Diski isikusumbue. Bidhaa 600, kila moja na picha nne za kilobaiti 200, ni megabaiti 480. WordPress itatengeneza nakala za ukubwa mbalimbali na labda ufikie gigabaiti moja na nusu. Anayekuuzia gigabaiti 200 za diski kwa RAM ya gigabaiti moja anakuuzia ghala kubwa lenye mlango wa paka.

Muulize pia kama mashine imegawanywa kwa KVM. Mgawanyo huo kwa kawaida hukupa kumbukumbu yako mwenyewe, ilhali baadhi ya mifumo ya zamani huruhusu muuzaji kugawa RAM ile ile kwa wapangaji wengi kuliko inavyowezekana. Hata kwenye KVM prosesa inaweza kugombaniwa. Andika top kwenye skrini ya seva na utazame namba iliyo mbele ya herufi st: huo ndio muda ambao seva yako ilitaka kufanya kazi ikaambiwa isubiri majirani. Namba hiyo ikikaa juu ya tano au kumi kwa siku kadhaa, hama.

Nimeacha swali la mahali hadi sasa kwa sababu jibu lake limebadilika mwaka hadi mwaka. Mwanga ndani ya kioo cha mkongo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwenda London au Frankfurt na kurudi kutoka Nairobi huchukua takriban milisekunde 150; kati ya Kampala na Nairobi ni chini ya 30. Ukurasa unapofunguliwa mara ya kwanza, simu na seva husalimiana, hukubaliana siri za usalama, ndipo ombi huenda: safari tatu. Kwa Ulaya hiyo ni karibu nusu sekunde kabla herufi ya kwanza haijaonekana. Kwa Nairobi ni chini ya moja ya kumi. Tofauti inaonekana kubwa hadi ukute kwamba WooCommerce isiyohifadhi kurasa zilizokwisha tengenezwa hutumia sekunde mbili nzima kuuandaa ukurasa mmoja. Hapo kilomita hazina lawama. Rekebisha duka kwanza, na picha uziweke nyuma ya Cloudflare, ambayo ina vituo Nairobi na Mombasa na ina mpango wa bure. Ukifanya hivyo, seva ya Ujerumani inamhudumia mtu wa Tororo vizuri siku za kawaida.

Tatizo ni siku zisizo za kawaida, nazo tumeziona. Februari 2024 mikongo kadhaa, SEACOM ikiwemo, ilikatika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaburura intaneti kwa siku kadhaa. Siku kama hizo duka lililoko Ulaya au Johannesburg linakuwa mbali kweli, ilhali lililoko Nairobi bado linafikiwa na wateja wa Kenya kupitia KIXP, na ujumbe wa M-Pesa kutoka Safaricom hauna haja ya kuvuka bahari. Ndiyo maana sikimbilii Afrika Kusini, ingawa vituo vya seva vya Microsoft viko Johannesburg tangu 2019, vya Amazon Cape Town tangu 2020 na vya Google Johannesburg tangu 2024. Ni karibu kuliko Ulaya, lakini njia yake kuja kwetu ni ile ile ya baharini.

Kampala nayo? Kuna vituo vizuri vya data huko sasa, kama cha Raxio pale Namanve. Kinachonizuia ni siasa. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, kuamkia uchaguzi, Uganda ilizima intaneti nchi nzima na haikuirudisha hadi tarehe 18. Wateja wa Uganda wangekosa duka popote lilipo. Lakini mwenye duka la mpakani ana nusu ya pili ya wateja ng'ambo ya geti, na seva iliyo nje ya Uganda ingeendelea kuwahudumia hao. Kenya nayo si malaika. Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni Nairobi, intaneti ilianguka kwa ghafla. Kampuni za simu zilitaja hitilafu za mikongo ya baharini, watu hawakuridhika na maelezo hayo, na Uganda inayoitegemea Kenya iliyumba pamoja nayo.

Uamuzi wangu kwa duka la Busia lenye wateja wa pande zote ni Nairobi kwanza, Ulaya pili, Kampala pale tu ambapo wanunuzi karibu wote wako Uganda. Ila angalia usiuziwe Nairobi ya jina. Zipo kampuni zenye anwani ya Nairobi na tovuti ya co.ke zinazokodisha mashine zilizoko Ujerumani au Marekani. Huko ni kukulipisha bei ya karibu kwa kitu cha mbali. Omba anwani ya IP ya majaribio kabla ya kulipa na uipime kwa ping, amri inayopima muda wa kwenda na kurudi, ukitumia laini ya faiba upande wa Kenya. Ikirudisha milisekunde 160, hiyo si Nairobi.

Na usiiweke seva chini ya kaunta ya duka, hata kama kijana fulani anakuambia kompyuta ya zamani inatosha. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikuwa gizani, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na giza la namna hiyo likarudi Novemba na Desemba.

Kuhusu nakala za akiba nitatoa kisa kimoja. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. OVH ni miongoni mwa kampuni kubwa za seva barani Ulaya. Mamilioni ya tovuti yalizimika, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa zimehifadhiwa pale pale palipoungua. Kitufe cha kuchukua nakala anachokupa mwenye seva ni kizuri, lakini nakala hiyo iko chini ya akaunti moja, kampuni moja, pengine paa moja. Hifadhidata ya duka dogo ikibanwa ni megabaiti chache. Itume kila usiku kwa kampuni nyingine, nchi nyingine, ikiwa imefungwa kwa nenosiri. Halafu mara moja kila robo mwaka ifungue kwenye seva tupu uone kama duka linasimama. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.

Bei. DigitalOcean, kwa mfano, imekuwa ikitoza dola 12 kwa mwezi kwa RAM ya gigabaiti mbili, na zipo kampuni za Ujerumani zinazotoza pungufu ya hapo. Ukilipa kwa dola au yuro, kumbuka kwamba mapema 2024 dola moja ilifika shilingi 160 za Kenya na miezi michache baadaye ikashuka hadi kama 130. Mashine ile ile, bili tofauti kwa karibu robo. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa iliyotoka 2022 imeondoa usumbufu wa kuomba kadi ya mtu, lakini ikiwa na salio pungufu siku ya bili, seva itasimamishwa bila huruma. Weka salio la miezi mitatu mbele pale inaporuhusiwa, na usilipe mwaka mzima kwa kampuni usiyoijua kwa sababu ya punguzo.

Sheria kwa ufupi: Kenya na Uganda zote zilipitisha sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019. Majina, namba za simu na anwani za wateja wako ni data hiyo. Kenya imewasamehe kujisajili kwa mdhibiti wa data wafanyabiashara wengi wenye mapato chini ya shilingi milioni tano kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi, lakini msamaha wa kujisajili haukuondolei wajibu wa kuilinda. Uganda ina ofisi yake ya kulinda data chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Ukihifadhi data nje ya nchi, waambie wateja kwenye ukurasa wa masharti.

Kinachoua maduka mengi, hata hivyo, ni ukosefu wa mtunzaji. VPS haijitunzi. Mtu lazima aweke masasisho, afunge milango isiyotumika, aingie kwa ufunguo badala ya nenosiri, ahakikishe cheti cha Let's Encrypt cha siku 90 kinajihuisha chenyewe. Kwa mtu anayejua, ni saa mbili au tatu kwa mwezi. Kama huna mtu huyo na hutaki kumlipa, nunua VPS inayosimamiwa na mwenye nayo, ingawa ni ghali mara mbili, au baki kwenye huduma ya pamoja. Na domeni isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, kamwe isiwe kwa jina la fundi. Seva hubadilishwa ndani ya saa moja, lakini domeni iliyo mikononi mwa mtu mliyegombana naye inaweza kukugharimu duka zima.

Ukinilazimisha nikuchagulie leo, ningekupa hivi: VPS ya KVM yenye RAM ya gigabaiti mbili, iliyoko Nairobi kweli na iliyopimwa kwa ping, Ubuntu ya msaada wa muda mrefu, saa ya Afrika Mashariki, Cloudflare mbele, nakala ya akiba Ulaya kila usiku, na mpango wa kulipa mwezi kwa mwezi. Kabla ya kuwatangazia wateja, nunua bidhaa yako mwenyewe kwa M-Pesa ukiwa Busia, na nyingine kwa MoMo ukiwa Tororo, huku umeizima seva kwa makusudi katikati ya malipo. Oda zote mbili zisipojifunga zenyewe baada ya seva kuwaka, usifungue duka bado.